Kutoka kiriba hadi mfuko wa mgongoni: nani alikuwa anaosha?

Mitihani imepita, bumu limekata, na kama kawaida yetu watu wameanza kupanga safari za milimani kana kwamba hela zipo. Safari hii ni Meru, mita 4,566, na tayari kuna mvutano kwenye kundi letu kuhusu ile mifuko 3 ya maji tunayoazimana. Mnaijua: mfuko laini unaoingia kwenye begi la mgongoni, una mrija unaopita begani, unatembea huku unanyonya maji bila kusimama. Kila mtu anataka kuubeba. Anayetaka kuuosha hayupo.

Na jambo lenyewe si la utani. Tulipokwenda Uluguru, mwenzetu mmoja alichukua mfuko uliokaa uvunguni tangu safari ya mwaka jana, akausuuza mara moja bombani, akajaza maji. Siku ya pili tumbo likamgeuka, akaharisha mpaka miguu ikaisha nguvu, tukamshusha kwa zamu wawili wawili. Siwezi kuapa kwamba ni mfuko, maana chakula tulikula pamoja na maji yalitoka chanzo kimoja. Ila tulipougeuza ule mrija kwenye mwanga tuliona madoa meusi ndani yake, na kwenye kuta za mfuko kulikuwa na utelezi kama wa kambare. Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza swali la mtu wa historia: hivi waliosafiri kabla yetu, miezi na miezi, vyombo vyao vya maji walivitunzaje?

Tuanze na kiriba. Neno hili limetoka kwenye Kiarabu, qirba, na waliosoma Biblia ya Kiswahili wanalikumbuka kutoka kwenye mfano wa divai mpya. Kiriba ni ngozi ya mbuzi iliyochunwa nzima bila kupasuliwa katikati, miguu ikafungwa, shingo ikawa mdomo. Watu wa jangwani huko Afrika Kaskazini waliipaka lami ya miti ndani ili isivuje wala isioze. Maji yakachukua ladha ya lami, lakini msafiri hakulalamika, maana alijua ile ladha ndiyo dawa ya chombo. Ngozi ikiachwa hovyo inakakamaa na kupasuka, kwa hiyo hata ikiwa haina maji ilitakiwa kuangaliwa.

Huku kwetu bara, mfalme wa safari alikuwa kibuyu. Sasa kibuyu hakichumwi leo kikatumika kesho. Kinakaushwa, kinatobolewa, mbegu zinatolewa, kisha kinajazwa maji na kumwagwa, kinajazwa na kumwagwa, siku kadhaa mpaka uchungu utoke. Yaani kabla hakijaanza kazi ya kubeba maji kimeshaoshwa mara nyingi kuliko mifuko yetu yote 3 tangu tuipate!

Wafugaji ndio waliofika mbali zaidi, kwa sababu maziwa hayasamehi uchafu. Wakalenjin wa Kenya wana kibuyu kinachoitwa sotet, ndicho wanachogandishia mursik. Kikishaoshwa na kukauka, ndani husuguliwa kwa fimbo iliyochongwa kama brashi pamoja na makaa ya mti wanaouita senetwet. Wamasai nao husafisha vibuyu vyao kwa kijinga cha mti wa oloirien, yaani mzeituni pori. Na pwani, ambako maji yalikaa mtungini, nyumba nyingi ziliufukiza mtungi kwa ubani kabla ya kuujaza. Ukiangalia vizuri utaona ni kanuni ileile: sugua kwanza, kausha, halafu moshi au makaa. Tena hii haikuwa kazi ya mtu aliyebaki bila shughuli. Kwa wafugaji ilikuwa kazi ya mama mwenye kibuyu, na jina lake lilikuwa hatarini kama maziwa yangeharibika.

Sasa twende kwenye misafara ya karne ya 19, ile njia ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora hadi Ujiji. Burton na Speke waliipita kuanzia 1857, Stanley akaipita 1871. Sisi tulifundishwa majina yao, lakini njia yenyewe ilikuwa ya wapagazi, na wapagazi waliipa majina kwa maji. Kabla ya kuingia Ugogo kulikuwa na Marenga Mkali, nyika ya maji machungu. Ukimaliza Ugogo unakutana na Mgunda Mkali, pori kavu la kuogopwa kabla ya kufika Unyanyembe. Kwa sehemu kama hizo walikuwa na mbinu waliyoiita tirikeza: unapika na kunywa mchana pale penye maji, unajaza vibuyu, mnaondoka jioni jua likipungua makali, mnalala pakavu, alfajiri mnaamka kwenda kuyatafuta maji yanayofuata. Katika mpango huo kibuyu kimoja kikivuja au kikiharibu maji, hakuna duka la kununulia chupa. Chombo ni uhai.

Halafu ikaja Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, na wapagazi wakawa jeshi zima. Jina la Kariakoo hapa Dar limetokana na Carrier Corps, kile kikosi cha wabebaji wa Waingereza. Walikufa maelfu kwa maelfu, na wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na magonjwa, kuhara damu kukiwa miongoni mwa makubwa. Kila nikishuka Kariakoo kununua vitu vya safari huwa nakumbuka kwamba nipo kwenye mtaa wenye jina la watu ambao wengi wao walimalizwa na matumbo.

Kwa nini basi ule utelezi ni mgumu kutoka? Hapa mnivumilie nitoke kidogo nje ya fani yangu. Katika miaka ya 1680 Mholanzi mmoja, Antonie van Leeuwenhoek, aliyejitengenezea lenzi mwenyewe, alikwangua utando wa meno yake akauangalia. Akaona vidudu vinatembea! Akajaribu siki, akagundua kwamba siki iliua vile vya juu tu, vilivyojificha ndani ya utando havikuguswa. Siku hizi wataalamu wanajua kwamba bakteria wakishika ukuta wenye unyevu wanatengeneza ute, wanaishi ndani yake kama watu ndani ya boma, na dawa inabaki kugonga mlango. Ndiyo maana yule mama wa Kalenjin alisugua kwanza kabla ya kuleta makaa. Lenzi hakuwa nayo, lakini kanuni alikuwa nayo.

Na mfuko wetu wa mgongoni umetoka wapi? Hii ndiyo sehemu iliyonifungua macho. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Mmarekani Michael Eidson, mhudumu wa gari la wagonjwa na mwendesha baiskeli, alikuwa anajiandaa na mbio za Hotter'N Hell Hundred huko Wichita Falls, Texas. Ni maili 100, kama kilomita 160, mwezi wa Agosti, joto la kufa mtu. Akachukua mfuko wa dripu, akaujaza maji, akauingiza kwenye soksi ndefu, akaushona mgongoni mwa fulana, mrija akaupitisha begani na kuubana kwa kibanio cha nguo. Basi! Mwaka 1989 ikazaliwa kampuni ya CamelBak, na leo mifuko hiyo ipo dunia nzima.

Lakini tafakarini kidogo: babu wa mfuko huu ni dripu. Na dripu hutumika mara moja ikatupwa. Hakuna muuguzi anayeosha dripu, kwa hiyo haina mlango wa kuingiza mkono wala njia ya kusugua mrija. Kibuyu kilizaliwa pamoja na fimbo yake ya kusafishia. Mfuko wa mgongoni ulizaliwa bila, na ilibidi brashi, kamba za mrija na midomo mipana vije baadaye. Sisi tunaoipata mifuko hii kwa mtumba au kwa kuachiwa na wageni, mara nyingi tunapata mfuko peke yake, brashi imebaki Ulaya. Tumepokea chombo bila mila yake.

Kwa hiyo mila tuitengeneze wenyewe. Haya ndiyo ninayoyapendekeza kwa kundi letu, na yeyote mwingine ayachukue:

Siku ileile mkirudi, kabla hujalala, mfuko umwagwe na uoshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Sugua ndani kwa kitambaa kilichofungwa kwenye mwiko kama huna brashi. Chomoa mrija na kile kidomo cha kunyonyea, maana uchafu unapenda kujificha pale. Mrija upitishie uzi mgumu wenye fundo la kitambaa, uvute huku na huku.

Kama kuna harufu, changanya vijiko 2 vya chakula vya soda ya kuokea kwa kila lita ya maji, jaza, acha nusu saa, suuza sana. Jiki nayo inafaa kwa kiasi kidogo sana kuliko hicho, ila JAMANI usichanganye jiki na siki, inatoa gesi ya sumu. Na kumbukeni Leeuwenhoek: dawa bila kusugua ni kujidanganya.

Kisha kausha. Ingiza henga ndani ili kuta zisigusane, tundika mdomo ukiwa chini, kivulini, maana jua kali linachosha plastiki. Mwenye friza anaweza kuuhifadhi humo, baridi inawazuia wadudu wasizaliane ingawa haiwaui wote. Sisi wa hosteli tusio na friza, kinga yetu ni ukavu tu. Ukikauka kabisa uweke wazi bila kufunga kifuniko. Na juisi au soda isiingie humo hata siku moja. Sukari ni karamu ya bakteria. Weka maji, basi.

La mwisho ndilo litakaloleta maneno. Kila mfuko uwe na mwenyewe kwa jina, kama kibuyu kilivyokuwa na mama yake. Kitu cha wote kinaoshwa na nani? Nimeshaandika karatasi yenye safu 3 na nimeibandika kwenye mlango wangu. Safu ya kwanza nimejaza jina langu kwenye mfuko wa kijani. Zimebaki 2, na Meru tunaondoka baada ya wiki 3.

Tupo pamoja.