Chotara

Chotara ni mtu au mnyama aliyezaliwa na wazazi wa asili mbili tofauti. Kwa binadamu neno hili siku hizi lina ukakasi, na wengi huliepuka. Zizini limepata heshima. Anayetangaza "mtamba chotara" hatarajii kulipwa bei ya ng'ombe wa kienyeji.

Lakini neno lenyewe halisemi mengi. Dume la Friesian likimpanda zebu, ndama huchukua nusu ya damu kwa kila mzazi. Ndama huyo akikua akapandwa na Friesian mwingine, anayezaliwa ana damu ya kigeni asilimia 75. Sokoni wote wawili ni chotara, ingawa wa pili anataka malisho bora na josho lisilokosa dawa, la sivyo ndigana itammaliza. Mnunuzi makini huuliza: chotara wa ngapi?

Kuchagua dume ndiyo kazi yenyewe, na hapo wafugaji husema "kupandisha" hata pale ambapo dume halionekani, bali mrija wa mbegu tu. Wataalamu huiita njia hiyo ya mrija uhimilishaji, neno lenye nasaba na himila, yaani mimba.

Machotara wakizalishana wao kwa wao na kuchujwa kizazi baada ya kizazi, jina huwatoka. Ng'ombe wa Mpwapwa, mkoani Dodoma, alitokana na zebu wa Tanganyika, Sahiwal, Red Sindhi na wengineo. Leo anahesabiwa kuwa aina kamili, wala haitwi chotara.