Perseus Alifika Ndani ya Sanduku

Vijana wanaokuja kusoma vitabu kwetu jioni wana swali ambalo halikosi kila tukifika kwenye habari za Wagiriki wa kale: "Sasa kati ya hizi zote, ipi ndiyo ya kweli?" Mmoja amesoma Percy Jackson, mwingine ameona filamu kwenye simu ya rafiki, wa tatu ana kitabu cha historia cha shule, na Medusa hafanani popote. Kwa huyu ni zimwi, kwa yule ni msichana aliyeonewa, na kwa mwingine ni mama anayeuza sanamu za bustani kule New Jersey. Wanakasirika kidogo, kama mtu aliyepunjwa kwenye mizani.

Swali lao ni zuri, na nataka kulijibu kwa historia. Nitamfuata mtu mmoja tu, Perseus, yule ambaye Percy alipewa jina lake, pamoja na wanawake wanaopatikana katika kisa chake.

Wengi tunamjua Perseus kama kijana mwenye upanga. Hebu turudi nyuma, kabla ya upanga. Acrisius, mfalme wa Argos, aliagua akaambiwa kwamba mjukuu wake atakuja kumwua. Akamfungia binti yake Danaë ndani ya chumba cha shaba asipate mume. Zeus akamfikia hata hivyo, kwa umbo la mvua ya dhahabu, na mtoto akazaliwa. Mfalme akaogopa kuwaua kwa mkono wake mwenyewe. Basi akawatia mama na mtoto ndani ya sanduku la mbao, akawaachia bahari.

Maji yakalipeleka sanduku hadi Seriphos, kisiwa kidogo cha Ugiriki ambacho kipo mpaka leo. Mvuvi mmoja, Dictys, akalivuta, akalifungua, akawapokea. Perseus akakulia pale, mtoto wa mgeni. Lakini mfalme wa kisiwa, Polydectes, ambaye ni ndugu ya huyo mvuvi, alimtaka Danaë kwa nguvu, na kijana alikuwa kizuizi. Ndipo akamtuma akalete kichwa cha Medusa. Yaani mfalme hakuwa na haja na kichwa. Alitaka kijana aende asirudi, ili mama abaki bila mtu wa kumsimamia. Hapa kambini sehemu hiyo haihitaji maelezo. Akina mama wanaijua.

Kuna kingine ambacho filamu hazisemi. Huyo Acrisius aliyemtupa binti yake baharini alikuwa kitukuu cha wakimbizi. Babu wa ukoo wake, Danaus, alitoka Misri na mabinti zake hamsini, wakivuka bahari kukimbia ndoa za kulazimishwa. Mwandishi wa tamthilia Aeschylus aliwapandisha jukwaani mjini Athens karibu mwaka 463 Kabla ya Kristo (KK). Katika tamthilia hiyo mabinti wanakaa kwenye madhabahu ya Argos, wameshika matawi ya kuombea hifadhi, na mfalme Pelasgus amebanwa pande mbili. Akiwapokea, vita vitakuja. Akiwafukuza, atamkosea Zeus mlinzi wa wanaoomba. Hakuamua peke yake. Alilipeleka jambo kwa wananchi, wakapiga kura kwa kuinua mikono, wakakubali wageni wakae.

Mkataba wa Wakimbizi ulipitishwa Geneva mwaka 1951. Mjadala wake ulikuwa umeshachezwa mbele ya watu wa Athens miaka kama 2,400 kabla. Na vizazi vitatu tu baada ya kura ile, kitukuu wa waliopokelewa anamtupa binti yake baharini. Wagiriki walikuwa wanajua kwamba kupokelewa kwa babu hakumfundishi mjukuu kupokea.

Sasa turudi kwenye swali la vijana. Ukitafuta kisa hiki kilipoandikwa mara ya kwanza kikamilifu, hukipati. Hesiod, karibu mwaka 700 KK, anamtaja Medusa kwa mistari michache. Walikuwa dada watatu, wawili hawafi, yeye peke yake ni wa kufa. Poseidon alilala naye kwenye majani laini yenye maua, kisha Perseus akamkata kichwa, na farasi Pegasus akaruka kutoka humo. Basi. Hakuna msichana mrembo aliyeadhibiwa.

Huyo msichana analetwa na mshairi wa Roma, Ovid, zaidi ya miaka 700 baadaye. Kwake yeye Medusa alikuwa na nywele za kupendeza. Mungu wa bahari akamnajisi ndani ya hekalu la Minerva, yule ambaye Wagiriki humwita Athena. Minerva hakumgusa mwanamume. Alimwadhibu msichana, akageuza nywele zake kuwa nyoka. Na angalieni nani anasimulia haya katika kitabu cha Ovid: ni Perseus mwenyewe, kwenye karamu ya harusi yake, akiulizwa na wageni. Masaibu ya Medusa tunayasikia kutoka kwa mdomo wa aliyemwua.

Ovid naye yalimkuta. Mwaka 8 Baada ya Kristo (BK), Kaisari Augusto alimtuma uhamishoni Tomis, kwenye Bahari Nyeusi, mji ambao leo ni Constanța nchini Romania. Alisema chanzo kilikuwa shairi na kosa, na kosa hilo hakulieleza. Aliandika barua nyingi za mashairi akiomba kurudi. Hakurudi. Alifia huko.

Mwanamke wa tatu ni Andromeda, binti aliyefungwa kwa minyororo kwenye mwamba ili aliwe na nyangumi wa kutisha, kwa sababu mama yake alijisifu kupita kiasi. Perseus alimwokoa akamwoa. Andromeda alikuwa binti mfalme wa Aithiopia, jina ambalo Wagiriki waliziita nchi za watu weusi kusini mwa Misri. Ovid mwenyewe, katika shairi lingine, anasema wazi kwamba rangi yake ilikuwa nyeusi ya nchi yake. Lakini miaka ya 1550 Titian, mchoraji wa Venice, alimchora mweupe, na wachoraji wengi wa Ulaya walifanya hivyohivyo. Filamu ya mwaka 1981, Clash of the Titans, nayo ikamleta mweupe. Ikawa kama hakuna lililobadilishwa.

Nayasema haya ili tuelewe vizuri kelele za miaka ya karibuni. Rick Riordan alikuwa mwalimu kule Texas na California. Mtoto wake wa kiume alikuwa na shida ya kusoma inayoitwa disleksia, pamoja na hali ya kutotulia na kushindwa kuweka akili mahali pamoja. Mtoto alipenda visa vya Wagiriki wakati wa kulala. Visa vilipoisha, baba akamtungia kimoja kipya, na kikawa kitabu mwaka 2005. Percy anafukuzwa shule hadi shule. Herufi zinamchezea machoni. Kisha anaambiwa kwamba baba yake ni Poseidon, kwamba herufi zinamsumbua kwa sababu akili yake imeumbwa kusoma Kigiriki cha kale, na kwamba kutotulia kwake ni wepesi wa vitani.

Mimi nafanya kazi na vijana waliorudia darasa mara mbili, mara tatu, wengine kwa sababu walibadilisha lugha ya shule kila walipovuka mpaka: Kifaransa, Kirundi, Kiswahili, Kiingereza. Wakifika ukurasa ule wananyamaza. Hakuna anayeamini kwamba baba yake ni Poseidon. Wanachokisikia ni kwamba kushindwa kusoma kwa namna moja si ushahidi kwamba huna akili.

Halafu kuna kambi. Watoto wa miungu katika vitabu hivyo wanakaa kambini, kwa sababu nje mazimwi yanawawinda. Ni kambi ya likizo, ina ziwa na uwanja wa michezo, isiwadanganye. Lakini soma habari za nyumba namba 11, ya Hermes, mungu wa wasafiri. Humo wanalala wote ambao mzazi wao bado hajajitokeza kusema "huyu ni wangu". Wanalala chini wamebanana, wakingoja kutambuliwa, na wengine hawatambuliwi kamwe. Hasira ya watoto hao ndiyo inayozaa vita vya mfululizo mzima. Katika kitabu cha tano, cha mwaka 2009, Percy anapewa nafasi ya kuwa mungu. Anakataa. Anaomba badala yake kwamba kila mtoto atambuliwe akifika miaka 13, na kwamba miungu midogo nayo ijengewe nyumba zake. Kwa Wagiriki wa kale Perseus alipata ufalme na mke. Huyu wa sasa anadai orodha ya majina isiache mtu. Ndugu zangu wafanyakazi wa mashirika, mkisikia vijana wanakipenda kitabu hicho, msidhani ni panga tu.

Riordan mwenyewe hakumtendea Medusa haki mara ya kwanza. Mwaka 2005 alimfanya mwenye duka la sanamu, akakatwa kichwa, kurasa zikaendelea. Kitabu hicho kilipotengenezwa upya kuwa tamthilia ya televisheni, Desemba 2023, Medusa alipewa nafasi ya kueleza upande wake kabla ya upanga. Katikati hapo, mwaka 2021, mwandishi wa Uingereza Jessie Burton alikuwa ametoa kitabu cha vijana ambacho Medusa anajisimulia mwenyewe tangu mwanzo. Yuko kisiwani na dada zake, wamekimbia, na Perseus anakuja na mashua kama kijana mwenye siri zake. Wanaongea. Yeye anamwambia kilichomkuta, kijana naye anamwambia habari za mama yake. Baada ya miaka 2,700 hatimaye kuna mtu aliyewakalisha hawa wawili wasikilizane.

Na ilipotangazwa mwaka 2022 kwamba Annabeth, binti wa Athena, ataigizwa na msichana mweusi, Leah Jeffries, watu wengi walimtukana mtoto wa watu. Walisema kitabu kimeharibiwa, maana Annabeth wa kitabuni ana nywele za rangi ya dhahabu. Riordan alijibu hadharani kwamba huo ni ubaguzi. Mimi nawauliza wale wenye hasira: Andromeda alipopakwa weupe, mlikuwa wapi?

Kwa hiyo jibu langu kwa vijana ni hili. Hakuna iliyo ya kweli peke yake. Kila msimulizi alichukua alichokihitaji akaacha kingine, tangu Hesiod. Lakini msiishie hapo, maana mtu anaweza kusema basi kila kitu ni sawa. Si sawa. Ukimfanya Andromeda mweupe unamwondolea nchi yake. Ukimpa Medusa nafasi ya kusema unamrudishia kitu alichonyang'anywa. Yote mawili ni kubadilisha. Kipimo ni kuuliza: baada ya mabadiliko haya, nani ameongezewa sauti na nani amenyamazishwa?

Sisi tunalihitaji somo hili kuliko watu wengine, kwa sababu tunaishi na hadithi ya aina nyingine. Kwenye mahojiano ya kuomba hifadhi, hadithi yako haitakiwi kubadilika. Tarehe uliyosema mara ya kwanza ndiyo hiyohiyo miaka 5 baadaye. Idadi ya watu waliokuja usiku ule ni hiyohiyo. Naelewa kwa nini ofisi inafanya hivyo, na sikatai. Ila kijana aliyelelewa na mahojiano anaanza kuamini kwamba maisha yake yana simulizi moja tu, ile iliyo kwenye faili, na kwamba ndani yake yeye ni mtu aliyetendewa na basi. Nimewaona wakipewa kalamu waandike chochote, wakaandika jina, bloku, mwaka wa kufika, sababu ya kukimbia. Kama fomu.

Kisa cha Perseus kinawaonyesha mlango mwingine. Mambo yaliyotokea hayabadiliki: sanduku lilitupwa, bahari ilikuwepo. Lakini nani anasimulia, anaanzia wapi, nani anaitwa shujaa, hayo yako mikononi mwa anayeshika kalamu. Faili iendelee kuwa faili. Daftari liwe lako.

Na kama kuna anayetafuta pa kuanzia, namwonyesha Dictys. Masimulizi mengi yanamwacha haraka, kwa sababu hakuua mtu wala hakuruka angani. Alikuwa na nyavu zake, akaona sanduku, akalifungua bila kujua ndani kuna nini. Wazee wa Kigiriki hawakumsahau kabisa. Perseus aliporudi na kumgeuza Polydectes kuwa jiwe, kiti cha ufalme wa Seriphos alipewa mvuvi. Alisema nini usiku ule wa kwanza, aliwapa chakula gani, majirani walinong'ona nini kuhusu mwanamke aliyetoka baharini na mtoto asiye na baba? Hayo anaweza kuyaandika mtu aliyewahi kupokelewa hivyo. Daftari zipo, kalamu zipo, njooni jioni.