ABA: Ligi Iliyoanzishwa Ili Imezwe

Msimu wa 1966–67, NBA, ligi kongwe ya mpira wa kikapu nchini Marekani, ilikuwa na timu 10 tu. Denver, Dallas na Indianapolis zilikuwa na mashabiki lakini hazikuwa na timu. Wafanyabiashara wakaliona pengo hilo, na Oktoba 1967 ligi yao, ABA, ikaanza kuchezwa na timu 11. Mfano walikuwa nao: mwaka mmoja kabla, katika mpira wa miguu wa Kimarekani, ligi changa ya AFL ilikuwa imekubaliana kuungana na NFL. Waliingia ABA kwa bei nafuu, wakitumaini kwamba siku moja NBA ingelazimika kuwafungulia mlango.

Kamishna wa kwanza alikuwa George Mikan, nyota wa zamani wa NBA. Mpira wa kahawia ukabadilishwa, ukawa na rangi nyekundu, nyeupe na buluu. Mstari wa pointi tatu nao ukachorwa uwanjani, wazo lililokwisha kujaribiwa na ABL, ligi ya Abe Saperstein iliyokufa mapema. Wakongwe wa NBA waliyacheka hayo yote na kuyaita mambo ya sarakasi.

Kilichowanyima usingizi ni wachezaji. NBA ilikuwa imemfungia Connie Hawkins kwa tuhuma za upangaji matokeo, ingawa hakuwahi kushtakiwa. ABA ikampokea, naye akaipa Pittsburgh Pipers ubingwa wa kwanza mwaka 1968. Rick Barry aliihama San Francisco Warriors kwenda Oakland Oaks, mahakama ikamlazimisha kukaa nje msimu mzima. NBA haikumsajili kijana ambaye wenzake wa chuo walikuwa hawajahitimu. ABA ilimchukua Spencer Haywood mwaka 1969 kabla hajamaliza chuo, na mwaka 1974 Utah Stars wakamsajili Moses Malone moja kwa moja kutoka sekondari.

Wahenga walisema wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi. Safari hii nyasi zilistawi. Mchezaji aliyekuwa na mnunuzi mmoja sasa alikuwa na wawili, na mishahara ikapanda. Ndiyo maana wamiliki wa pande zote mbili walipotaka kuungana mwaka 1970, aliyewazuia alikuwa Oscar Robertson, mwenyekiti wa chama cha wachezaji wa NBA, aliyefungua kesi ya kupinga muungano huo. Alijua kwamba ushindani ukifa, bei ya mchezaji nayo itaporomoka.

Kesi hiyo ilichukua miaka sita, na muda huo ABA ilikuwa ikikauka. Haikupata mkataba wa kudumu wa televisheni ya taifa. Timu zilihama miji, nyingine zikafa katikati ya msimu. Hata hivyo, Januari 1976 huko Denver ilifanya shindano la kwanza la kudanki, na Julius Erving wa New York Nets akaibuka mshindi baada ya kuruka kutoka karibu na mstari wa mitupo huru.

Kesi ilipomalizwa kwa maridhiano mwaka huohuo, wachezaji walipata uhuru zaidi wa kuhama, na njia ya muungano ikafunguka. Denver, Indiana, San Antonio na New York Nets ziliingia NBA kwa ada ya dola milioni 3.2 kila moja. Nets walitakiwa pia kuwalipa jirani zao, Knicks, dola milioni 4.8, wakaishia kumuuza Erving. Wamiliki wa Spirits of St. Louis, ndugu wawili wa ukoo wa Silna, waliachwa nje, lakini walidai sehemu ya mapato ya televisheni ya timu hizo nne, tena bila kikomo cha muda. Mwaka 2014 NBA ilikubali kuwalipa dola milioni 500 ili kupunguza mzigo huo.

Mwaka 1979 NBA iliuchora mstari wa pointi tatu kwenye viwanja vyake. Lakini huo ungeweza kuigwa bila vita. Haki ya mchezaji kuchagua mwajiri ilihitaji miaka tisa ya ligi mbili zinazogombania watu walewale, pamoja na wachezaji waliokataa vita hiyo imalizwe na wamiliki peke yao.