Mnyama mkali kupita wote: simba ao kiboko?

Watu wakibishana juu ya mnyama wa pori mwenye ukali kupita wote, wengi wanataja simba. Kwa nguvu tu, tembo hana mpinzani. Lakini kwa wavuvi wa Vitshumbi na Kyavinyonge, kwenye Ziwa Edouard, ndani ya Parke ya Virunga, mwenye kuogopesha njo kiboko.

Anakula majani, ndiyo, lakini dume linaweza kupita kilo 1.500. Mchana analinda sehemu yake ya maji: mtumbwi ukimkaribia, anaweza kuupindua. Usiku anatoka kula. Hapo usisimame kati yake na ziwa, sababu mbio zake zinafikia karibu kilometa 30 kwa saa.

Bunduki njo ilimshinda. Miaka ya 1970, Virunga ilikuwa na viboko zaidi ya 25.000, mwaka 2005 walibaki chini ya 1.000. Waliuawa sana wakati wa vita, kwa ajili ya nyama na meno. Sasa, mavi yake njo yanarutubisha maji, na humo samaki wanapata chakula. Viboko walipopungua, samaki nao walipungua, hata kama uvuvi wa kupita kiasi uko na sehemu yake.