Dengu Nyeusi za Punjab: Chungu Kilicholala Motoni

Ukiingia katika mikahawa mingi ya Kihindi pale Nairobi au Mombasa, utakuta dal makhani kwenye orodha ya vyakula. Ni mchuzi mzito wa dengu nyeusi, unang'aa kwa siagi na malai, na bei yake si ya mtu wa kibarua. Leo nataka tuangalie chakula hiki kilikotoka, kwa sababu nakutana na wazazi wengi wanaoamini kwamba dengu, kunde na maharagwe ni chakula cha shida, cha kuliwa nyama inapokosekana.

Kwao ni Punjab, nchi ya mito mitano kaskazini mwa Bara Hindi, ambayo tangu mwaka 1947 imegawanyika kati ya India na Pakistan. Mbegu yenyewe huitwa urad, na Wapunjabi huiita maah. Ni ndugu wa karibu wa ndengu zetu za Ukambani, ila ganda lake ni jeusi na ndani ni nyeupe. Imelimwa India kwa maelfu ya miaka. Nyumbani chakula hiki kiliitwa maa ki dal, dengu za maah. Lakini maa kwa lugha zao pia ni mama, kwa hiyo wengi hulisikia jina hilo kama dengu za mama, na sidhani kuna anayejali kuwasahihisha.

Dengu hii haitaki haraka. Ikiiva sawasawa hutoa utelezi unaoufanya mchuzi uwe mzito wenyewe, bila maziwa wala unga. Katika vijiji vya Punjab kulikuwa na tanuri la udongo liitwalo tandoor, na mara nyingi majirani walilitumia pamoja. Jioni wanawake walikuja, kila mmoja na unga wake uliokandwa, wakaoka mikate huku wakipeana habari. Mikate ilipokwisha, makaa yalibaki. Chungu cha dengu kikawekwa juu ya joto hilo na kuachwa hadi asubuhi, bila kuni za ziada. Kwa maoni yangu huo ndio moyo wa historia hii: chakula hiki kilibuniwa na mama mwenye kuni chache, si na mpishi wa hoteli.

Ndani ya chungu mlikuwa na dengu, maji, chumvi, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili, na kijiko cha samli kwa aliyekuwa na ng'ombe au nyati wa maziwa. Nyanya hazikuwemo hapo kale, wala maharagwe mekundu. Vyote viwili asili yake ni Amerika, na vilifika Bara Hindi baada ya Wareno kufungua njia ya bahari mwishoni mwa miaka ya 1400.

Dengu zilipata heshima nyingine katika dini ya Kalasinga. Guru Nanak, aliyeishi kati ya 1469 na 1539, alianzisha desturi ya langar, yaani jiko la wote. Watu huketi chini kwa safu, tajiri karibu na maskini, mtu wa tabaka la juu karibu na yule ambaye zamani hakuruhusiwa hata kugusa chombo chake. Chakula hakina nyama, ili mtu wa imani yoyote aweze kula. Katika Hekalu la Dhahabu la Amritsar hulishwa watu zaidi ya 50,000 kwa siku, bila malipo, na dengu ziko katikati ya mlo huo. Malai hutayaona humo.

Sasa siagi ilitoka wapi? Mwaka 1947 Waingereza walipoondoka na nchi ikagawanywa, watu wanaokadiriwa kufikia milioni 14 au zaidi walihama makwao, na wengi mno waliuawa njiani. Miongoni mwa wakimbizi walikuwemo wapishi kutoka Peshawar, akiwemo Kundan Lal Gujral na Kundan Lal Jaggi. Walifika Delhi na kufungua mkahawa wa Moti Mahal mtaani Daryaganj. Hapo dengu za kijijini ziliongezwa nyanya, siagi na malai, zikaitwa makhani, kutokana na makhan, siagi. Mwaka 2024 upande wa Gujral na upande wa Jaggi walifikishana Mahakama Kuu ya Delhi kuhusu nani ajiite mvumbuzi. Wanagombania siagi, mimi naona. Chungu kilikuwepo kabla yao wote.

Hata kwetu Kenya Wapunjabi walifika na dengu zao. Kati ya 1896 na 1901 wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka India kujenga reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria, wengi wao kutoka Punjab. Karibu 2,500 walifia kazini. Huko Makindu, kando ya reli, Makalasinga walijenga hekalu mwaka 1926, na msafiri wa kabila lolote hukaribishwa kula pale bila kulipa.

Sasa niseme kama muuguzi. Gramu 100 za urad kavu zina takriban gramu 25 za protini, chakula cha kujenga mwili, pamoja na madini ya chuma kwa mama mjamzito. Siagi na malai haviongezi damu. Mwenye presha au mafuta mengi mwilini aiache dal ya mkahawani iwe ya siku moja moja, na nyumbani kijiko kimoja cha mafuta kinatosha. Kamulia ndimu au weka nyanya, kwani husaidia mwili kupokea madini ya chuma. Chai isubiri saa moja au mbili baada ya chakula.

Wengi wetu hutia magadi ili maharagwe yaive upesi. Magadi huharibu vitamini B1 na kuongeza chumvi ya sodiamu. Loweka usiku kucha, mwaga maji yale, pika kwa maji mapya. Ukitaka kuokoa makaa, chemsha kisha ufunike sufuria ndani ya kikapu kilichotandikwa blanketi, nayo yataendelea kuiva kwa joto lake, kama kile chungu cha kwenye tandoor.

Lakini sikiliza vizuri hapa. Maharagwe mekundu yana sumu ya asili ambayo moto wa pole pekee hauimalizi. Lazima yachemke kwa nguvu, yakitoa mapovu, angalau dakika 10, na afadhali 30, kabla ya kuingia kikapuni au kupunguziwa moto. Mtu akila yakiwa hayajaiva, hutapika na kuhara ndani ya saa chache. Ikimpata mtoto, mpe maji yenye chumvi na sukari ya kipimo, ORS, na umpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.