Libasi ya Wanaume katika Sikukuu za Kihindu: Hali ya Hewa au Namna ya Ibada?

Wakazi wa pwani yetu, ambao kwa vizazi vingi wamekuwa majirani wa Wahindu waliotoka Kachi, Kathiawar na Gujarat, aghalabu hudhani kwamba vazi wanaloliona Mombasa au Dar es Salaam masiku ya Navaratri, sikukuu ya masiku tisa, ndilo vazi la Wahindu wote. Na hata wale wajuao kwamba Bara Hindi ina mavazi ya namna nyingi hutosheka na sababu moja, nayo ni hali ya hewa. Makala haya yanadai kwamba joto na baridi huamua uzito wa nguo tu, bali umbo la vazi la sikukuu hutokana zaidi na jinsi sikukuu yenyewe inavyoadhimishwa.

Ushahidi ulio bora ni wa Gujarat na Bengal, kwa kuwa majimbo haya mawili humtukuza mungu wa kike Durga katika mwezi ule ule wa Ashwin, kati ya Septemba na Oktoba. Huko Gujarat ibada ni ngoma: watu huzunguka duara usiku, katikati pakiwa na taa iliyowekwa ndani ya chungu chenye matundu. Kwa hiyo mwanamume huvaa kediyu, kanzu fupi iliyobana kifuani, yenye mikono mirefu, ambayo chini ya kifua hufunguka kwa marinda mengi hata mchezaji akigeuka ikatanda kama mwavuli. Na vioo vidogo vilivyodariziwa juu yake hurudisha mwanga kila anapopinduka. Asili yake ni vazi la wachungaji, watu wa kutembea na kuruka. Walakini huko Bengal, asubuhi ya siku ya nane ya sikukuu, waumini husimama kwa taadhima, maua viganjani, wakifuatisha maneno ya kuhani. Na mwanamume huvaa dhuti nyeupe, shuka ya kujifunga kiunoni, na kanzu iitwayo panjabi, ncha ya mbele ya dhuti ikiwa imekunjwa marinda membamba, naye huishika mkononi au kuitia mfukoni ili isiburutike chini. Mungu ni yule yule na masiku ni yale yale, ila Gujarat vazi limekusudiwa mwendo, na Bengal limekusudiwa utulivu.

Atakayeshika hoja ya joto atatutajia Kerala, ambako wanaume huingia hekalu la Guruvayur kifua wazi, wamejifunga mundu, shuka isiyoshonwa ambayo kwa sikukuu ya Onam huwa ya rangi ya maziwa yenye taraza ya nyuzi za dhahabu. Lakini Bengal nayo ina joto, na watu wake husali wamefunika vifua. Kilichomvua shati mtu wa Kerala si jua, bali ni sharti la hekalu. Na ndiyo maana akitoka nje hulivaa tena, ijapokuwa jua ni lile lile.

Mfano mwingine ni Maharashtra, ambako sikukuu ya mungu Ganesh ilikuwa hasa ya nyumbani hata mwanasiasa Bal Gangadhar Tilak alipoanza, mwaka 1893, kuihimiza iwe ya hadhara. Katika misafara ya ngoma iendayo kuzamisha sanamu majini, ambamo umati huficha kiwiliwili cha mtu, libasi imepanda kichwani: kilemba cha pheta ndicho kionekanacho mbali.

Liko pingamizi jingine linalostahili kujibiwa. Mwaka 2014, baada ya jaji kuzuiwa mlangoni mwa klabu moja ya Chennai kwa sababu alivaa veshti, shuka ya kiunoni ya Kitamil, jimbo la Tamil Nadu lilitunga sheria ya kukataza ubaguzi wa namna hiyo. Basi je, vazi si alama ya heshima ya jimbo, lisilotegemea ibada? Heshima hiyo ni ya kweli, ila heshima hulinda vazi lililokwisha kuwapo, haielezi jinsi lilivyopata umbo lake. Kwa hiyo mtafiti atakaye kujua kwa nini wanaume wa dini moja huvaa mbalimbali, na atangulize kutazama miili yao inafanya nini siku ya sikukuu, kabla hajaanza kupima nguo. Na popote sikukuu itakapobadili mwenendo wake, huko ndiko atarajie kuona vazi likibadilika.