Ukingo, pembe na makali: maneno ya kumalizia kipande cha sabuni

Sabuni iliyokatwa kwa mkono hutoka na kingo kali zinazokwaruza kiganja na kumeguka kwa urahisi inaposafirishwa. Kabla ya kuifunga na kuiuza, mtengenezaji huzipunguza kingo hizo. Kazi yenyewe ni ndogo, lakini maneno yake yanakaribiana kimaana. Mfasiri wa maelekezo au wa lebo akiyachanganya, mnunuzi anaweza kudhani kwamba sabuni inachoma ngozi, au kwamba imeharibika.

Mche na kipande

*Mche* (ngeli ya U-I, wingi *miche*) ni mmea mchanga wa kupandikizwa. Neno hilohilo hutaja pande refu la sabuni, na katika hisabati hutaja umbo lenye ncha mbili zinazolingana, kama vile mche mstatili. Nchini Tanzania, *sabuni ya mche* ni ile sabuni ngumu na ndefu ya kufulia, ambayo muuza duka huweza kuikata na kuiuza kidogo kidogo. Kwa hiyo, linalotoka katika kalibu kabla ya kukatwa ni *mche*, na kinachopatikana baada ya kukata ni *kipande*. Kingo hupunguzwa kwenye kipande. Maelekezo yakisema «punguza kingo za mche», msomaji atazipunguza mapema, kisha kisu kitamletea kingo nyingine kali.

Uso, ukingo, pembe

Kipande cha kawaida chenye umbo la mche mstatili kina nyuso 6, kingo 12 na pembe 8.

*Ukingo* (U-ZI, wingi *kingo*) ni mstari ambapo nyuso mbili hukutana. Ndilo neno tunalolitumia tunaposema *ukingo wa mto* au *ukingo wa meza*. Upatanisho wake ni *ukingo huu, kingo hizi*.

*Pembe* (I-ZI) ni mahali ambapo kingo hukutana. Katika mazungumzo wengi husema *kona*, na si kosa, ila maandishi rasmi hupendelea *pembe*.

Tofauti hii ina uzito katika kazi. Anayeambiwa aviringishe pembe atagusa sehemu 8 na kuacha kingo zote 12 zikiwa kali.

Makali

*Makali* (ngeli ya YA-YA, bila umoja) ni upande wa chombo unaokata: *makali ya kisu, makali ya panga*. Neno hili pia hutaja ukali wa jambo au wa kitu: *makali ya jua, makali ya maisha, makali ya dawa*. Hapa ndipo penye hatari kubwa. Linganisha:

1. Punguza makali ya sabuni.
2. Punguza makali ya kingo za sabuni.

Sentensi ya kwanza itaeleweka kuwa inahusu kemikali: sabuni ina kostiki nyingi, na inabidi ipozwe isiunguze ngozi. Ya pili inahusu umbo peke yake. Kwa kuacha maneno mawili, agizo la umbo hugeuka kuwa onyo la afya. Vivyo hivyo, *sabuni kali* ni sabuni inayochoma. *Sabuni yenye kingo kali* ni sabuni iliyokatwa tu bila kumaliziwa.

Vitenzi vya kazi hii

*Kwangua*: kuondoa tabaka jembamba kwa kuburuta kisu au chombo kingine juu ya kitu, kama mtu akwanguavyo ukoko wa sufuria. Ndicho kitenzi kinachofaa zaidi kwa kingo.

*Piga randa*: kulainisha kwa randa ya seremala. Hufaa pale ambapo kifaa cha namna hiyo kinatumika kweli.

*Piga msasa*: kusugua kwa msasa. Kwa njia ya sitiari husemwa insha au mwanagenzi amepigwa msasa. Kwenye sabuni kitenzi hiki kiepukwe, kwa sababu msomaji anaweza kukichukua kama kilivyo, na punje za msasa zikanasa katika sabuni.

*Viringisha*: kufanya kitu kiwe cha mviringo. Hutumika kwa pembe.

*Chonga*: kuondoa sehemu kubwa ili kupata umbo jipya, kwa mfano ua. Kupunguza ukingo si kuchonga.

Kinachobaki baada ya kukwangua kiitwe *mabaki*, si *takataka*, kwa kuwa watengenezaji huweza kukiyeyusha na kukitumia tena.

Utando, si ukungu

Sabuni inayotengenezwa kwa njia ya baridi huweza kupata tabaka jeupe juu yake pale kostiki ambayo haijamaliza kazi inapokutana na hewa ya kabonidayoksaidi. Tabaka hilo ni *utando*. Baadhi ya watu wangeliita *ukungu*, lakini *ukungu*, mbali na kutaja mvuke unaotanda asubuhi, hutaja pia uoto unaoota juu ya mkate uliochacha. Lebo inayosema «ukungu mweupe ni wa kawaida» itamfukuza mnunuzi.

Kabla na baada

Sabuni ya njia ya baridi kwa kawaida hukatwa siku moja au mbili baada ya kumiminwa, kisha huachwa *ikomae* wiki 4 hadi 6. Katika muda huo hupoteza maji, na uzito wake hupungua. Uzito wa lebo ni ule wa kipande kilichokwanguliwa na kukomaa. Mfasiri aliyeandika «pima *kabla* ya kupunguza kingo» mahali pa *baada* amemfanya muuzaji aandike gramu ambazo mnunuzi hazipati.

Mfano

Yenye kasoro: *Sugua makali ya sabuni, ondoa ukungu, kisha pima na ufunge.*

Iliyorekebishwa: *Vaa glavu. Sabuni ikishakuwa ngumu kiasi cha kutobonyea, kwangua kwa upole kingo 12 za kila kipande na uviringishe pembe 8. Acha vipande vikomae wiki 4 hadi 6. Futa utando mweupe kwa kitambaa chenye unyevu, acha vikauke, kisha pima uzito na ufunge.*

Toleo la pili ni refu kuliko la kwanza. Urefu huo hauna ziada: kila neno lililoongezwa linajibu swali ambalo mtu mwenye kisu mkononi angeuliza.

Tazama pia: *bapa, kalibu, kona, ncha, upindo, utando.*